Shamba Moja, Watoto Tisa: Undugu katika Familia za Ayalandi

Ndugu zangu,

Nimewaita ndugu na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Neno letu hili lina mikono mirefu. Ndugu ni wa tumbo moja, ndugu ni mtoto wa baba mdogo, ndugu ni mwanachama mwenzako, ndugu ni abiria uliyekaa naye kiti kimoja kutoka Mombasa mpaka Voi. Tukitaka kulibana tunasema "ndugu wa toka nitoke".

Waayalandi nao walifikishwa hapo, ila kwa njia nyingine. Katika Kigaeli, lugha yao ya asili, ndugu wa kiume aliitwa bráthair na wa kike aliitwa siúr. Likaja kanisa, zikaja nyumba za watawa, na watawa wakayachukua maneno yote mawili. Bráthair akawa bruda, siúr akawa sista. Mtu wa kawaida akabaki bila neno la kumwitia mtoto wa mama yake. Basi wakatanguliza dearbh, yaani "wa hakika", maneno yakashikana, yakazaliwa deartháir na deirfiúr: kaka wa hakika, dada wa hakika. Ndivyo wanavyosema mpaka leo. Tafadhali liwekeni akiba neno hilo, nitalirudia.

Mimi nilifundishwa historia na sista mmoja kutoka Ayalandi. Tulimwita sista miaka minne bila kujiuliza ni dada wa nani. Nikiwa kidato cha tatu nilipeleka madaftari ofisini kwake nikamkuta na barua mkononi, macho mekundu. Akaniambia kaka yake amefariki na shamba la nyumbani sasa halina mtu. Nilijua walizaliwa tisa, kwa kuwa aliwahi kutuambia. Nikamuuliza, kwa ujinga wa utoto, watoto tisa, shamba linakosaje mtu? Akasema, "Ndivyo ilivyo kwetu," akachukua madaftari.

Jibu hilo limenisumbua zaidi ya miaka arobaini. Jioni hii nitawaeleza nilichokipata.

Zamani, kabla Waingereza hawajaishika nchi yote, Waayalandi wenye nafasi walipeleka watoto wao wakalelewe kwa familia nyingine, msichana mpaka miaka 14, mvulana mpaka 17. Sheria zao za kale zilieleza hata uji wa mtoto huyo utiwe nini, kulingana na cheo cha baba yake. Watoto waliolelewa pamoja namna hiyo waliitwa comhalta, na mara nyingi walipendana kuliko wa damu. Kwetu sisi wa pwani hili si geni. Tunawajua ndugu wa kunyonya, na tunajua kwamba hawaoani. Watawala wa Kiingereza waliliona pia. Mwaka 1366, mjini Kilkenny, walitunga sheria kuwakataza walowezi wao kuoana na Waayalandi, na papo hapo wakakataza kulelewa kwa watoto kati ya pande hizo mbili. Walifahamu vizuri kuwa mtoto aliyekula chungu kimoja na adui hatamwona adui.

Mwaka 1704 ikaja sheria kali zaidi, na hii ililenga ndugu moja kwa moja. Mkatoliki akifa, ardhi yake lazima igawanywe kwa wanawe wote wa kiume, ikatwe, ikatwe tena, mpaka ukoo uishiwe nguvu. Lakini kifungua mimba akihamia kanisa la Kiprotestanti, anachukua yote. Na akihama baba yake angali hai, baba anabaki na haki ya kulitumia shamba mpaka kufa, basi, kuliuza hawezi. Hebu fikirini chakula cha jioni katika nyumba kama hiyo, wavulana wanne mezani, na yule mkubwa ameanza kununa Jumapili.

Ugawaji huo ukaendelea kwa maskini hata sheria ilipolegezwa, na sababu yake ni viazi. Kipande kidogo cha viazi pamoja na maziwa ya mtindi kiliweza kulisha nyumba nzima. Kijana wa miaka ishirini akipata nusu ekari kutoka kwa baba yake, alijenga kibanda cha udongo akaoa. Ndugu walikaa jirani, moshi wa huyu ukimfikia yule. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8 kisiwani.

Mwaka 1845 ukungu uliingia mashambani. Ni ukungu ule ule unaomaliza viazi vya wakulima wa Nyandarua na Njombe mvua zikizidi, ila wao hawakuwa na dawa ya kupuliza wala chakula kingine cha kukimbilia. Kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wamepanda meli. Mwaka 1847 serikali iliweka sharti: mwenye zaidi ya robo ekari hapati msaada mpaka aiachie ardhi. Walioiachia wakaingia nyumba za kazi za maskini, na mlangoni familia ilitenganishwa, mume upande wake, mke upande wake, wavulana kule, wasichana kule. Ndugu wengi waliagana katika ua ule na hawakuonana tena. Mpaka leo kisiwa hicho hakijairudia idadi ya 1841.

Walionusurika walijifunza somo moja, na hapa ndipo hasa penye jibu la sista wangu. Walijifunza kwamba shamba halikatwi. Wenye ardhi kubwa walikuwa wameshaanza utaratibu huo kabla ya njaa. Baada ya njaa ukawa wa karibu kila mwenye shamba. Mtoto mmoja atarithi. Si lazima awe kifungua mimba. Baba ndiye aliyechagua, na mara nyingi wakubwa walikuwa wameshachoka kungoja wakaondoka. Binti mmoja, pengine wawili, ataozwa kwa heshima. Waliobaki, na katika nyumba ya watoto tisa waliobaki ni sita au saba, watafute njia.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Mrithi akikaribia kuoa, alitumwa mshenga. Baba wa msichana alikuja kulitembelea shamba la mvulana, akahesabu ng'ombe, akakanyaga udongo, akachungulia paa. Kisha wakaanza kubishana, kwa sababu huko mali ilitoka upande wa mwanamke. Sisi tumezoea kupokea kwa binti, wao walitoa. Kiasi kilipimwa na ukubwa wa shamba analoingia, na wakishindana kwa pauni kumi ndoa ilivunjika bila mtu kuona haya.

Sasa sikilizeni fedha hizo zilikwenda wapi. Hazikuwa za bibi harusi wala za bwana harusi. Alizipokea baba wa mvulana, naye akazitoa kumwozea binti yake mwenyewe au kuwalipia nauli watoto wengine. Maana yake dada hakuolewa mpaka kaka yake aoe, kwa kuwa mali aliyoingia nayo wifi ndiyo iliyomtoa yeye. Kuna jamii nyingi za wafugaji hapa kwetu ambako ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka. Utaratibu wa Waayalandi ni huo huo, umegeuzwa nje ndani.

Harusi nyingi zilifungwa kabla ya Kwaresima, maana Kwaresima ikianza ndoa hazikufungwa. Katika mkoa wa Munster, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, waliopitwa walichorwa chaki mgongoni wakielekea kanisani. Mnacheka, lakini wazieni mwanamume wa miaka 40 anayechorwa chaki na watoto mwaka wa kumi na tano mfululizo.

Na walikuwa wengi. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia wawili wa Harvard, Conrad Arensberg na Solon Kimball, walikwenda kuishi na wakulima wa kaunti ya Clare. Walikuta mwanamume wa miaka 45 anaitwa kijana, na hakuna anayemtania. Alikuwa kijana kweli, kwa sababu baba yake hajamkabidhi shamba. Alilima yeye, alichunga yeye, lakini mnadani aliyenyoosha mkono kupokea pesa ni mzee, na kijana akitaka ya kinywaji anaomba. Siku ya makabidhiano mkataba uliandikwa kwa wakili. Wazee watahamia chumba cha upande wa magharibi; watapewa moto, viazi, maziwa ya ng'ombe, na usafiri wa kwenda misa. Yote kwa maandishi, kati ya mzazi na mwana! Niliposoma hayo mara ya kwanza nilidhani ni ukosefu wa adabu. Siku hizi, nikiona kesi za mirathi zinavyojaza mahakama zetu, nimepunguza maneno.

Siku bibi harusi alipoingia, ndugu wengine walipaswa kuwa wameshatoka. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo, lakini jikoni hapakuwa na nafasi ya wanawake watatu. Wengi walikwenda Marekani. Usiku wa kuamkia safari jirani walikusanyika, wakala, wakacheza, wakalia, na mkusanyiko huo waliuita matanga. Ndiyo, matanga, ya mtu aliye hai na sanduku lake liko mlangoni. Mama alijua hatamwona tena, basi akamlilia kabisa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wasichana waliondoka karibu sawa na wavulana, wengi wao hawajaolewa, na hilo halikuwa la kawaida kwa wahamiaji wa Ulaya wa wakati ule. Walifanya kazi za ndani Boston na New York. Kazi ya ndani ina dharau zake, lakini ina chakula na malazi, kwa hiyo mshahara unabaki. Mshahara ukawa nauli ya mdogo wake. Mdogo akifika, akamlipia anayemfuata. Mnyororo mzima wa watu uliovuka bahari ile ulivutwa kwa sehemu kubwa na mikono ya dada zao. Na barua ya Krismasi kutoka Marekani, yenye dola ndani, ndiyo iliyolipa kodi ya shamba la kaka aliyerithi. Waliokosa ndio waliomtunza aliyepata.

Mtu wa kwanza kuandikishwa katika kituo cha kupokelea wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, alikuwa msichana wa namna hiyo. Annie Moore wa Cork, miaka 17, ameshika mikono ya wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Wazazi walikuwa wametangulia New York. Yeye ndiye aliyewavusha wavulana. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba baadaye alikwenda Texas akafa huko, mpaka watafiti wa koo walipogundua mwaka 2006 kuwa huyo wa Texas ni Annie Moore mwingine. Wetu hakutoka New York. Aliolewa, akazaa, akazika baadhi ya watoto wake, akafa 1924. Bandarini Cobh, alikopandia meli, ipo sanamu yake akiwa na wale wadogo zake.

Vipi waliobaki? Fomu za sensa ya 1901 na ya 1911 ziko mtandaoni bila malipo, na mimi nimepoteza usiku mwingi humo. Unafungua kijiji unakuta nyumba ya kaka wa miaka 58, kaka wa 54 na dada wa 51, na mbele ya majina yote matatu imeandikwa hawajaoa, hajaolewa. Unafungua nyumba ya pili, hali hiyo hiyo. Mwaka 1911 karibu robo ya watu wenye miaka kati ya 45 na 54 hawakuwahi kufunga ndoa. Waliooa nao walizaa hasa. Fomu ya mwaka ule iliwauliza wake watoto waliozaliwa hai ni wangapi na walio hai ni wangapi, na pengo kati ya namba hizo mbili, kumi na moja kwa saba, tisa kwa sita, linakufanya ufunge kompyuta kwa muda.

Hapo ndipo nilipomwelewa sista. Mrithi anangoja baba akabidhi. Baba anakufa, mama yupo, na mama hataki mwanamke mwingine jikoni. Mama anakufa, kaka ana miaka hamsini na tano, wasichana wa rika lake wako Boston, London, au wamevaa shela la utawa. Anazeeka peke yake na mbwa. Siku anapozikwa, watoto tisa waliozaliwa katika nyumba ile wametawanyika mabara manne na shamba halina mtu.

Na baadhi yao walikuja kwetu. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921. Edel Quinn, kifungua mimba wa familia ya Cork, alifika Nairobi mwaka 1936 kueneza Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, akiwa tayari mgonjwa wa kifua kikuu. Alifariki 1944 na kaburi lake liko hapo Msongari. Mapadri wa Kiltegan, kijiji cha kaunti ya Wicklow, walifika mpaka Turkana. Bruda Colm O'Connell alikuja Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, na wote mnajua alichomfundisha mkimbiaji David Rudisha. Msije mkasema nimedai kuwa watu hao walitumwa na uhaba wa ardhi. Mama Kevina wa Uganda, naye mtawa wa Ayalandi, alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake, na wito ni jambo la mtu na Mungu wake. Ninachosema ni hiki: nchi ndogo kama ile isingeweza kutoa maelfu ya mapadri na watawa kama kila mtoto angepewa nusu ekari na ruhusa ya kuoa. Aliyetufundisha kusoma alikuwa dada wa mtu aliyepewa shamba.

Nitaje kwa ufupi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, kwa kuwa kila familia ya huko ina simulizi yake. Wana wa Hales, karibu na Bandon katika kaunti ya Cork, walipigana pamoja dhidi ya Waingereza. Tom alikamatwa mwaka 1920 akateswa vibaya. Ulipokuja mkataba na Uingereza, Seán aliukubali, Tom akaukataa. Agosti 1922 Tom ndiye aliyeongoza watu waliovizia pale Béal na Bláth, siku aliyouawa Michael Collins, kamanda wa upande wa Seán. Desemba mwaka huo huo Seán akapigwa risasi barabarani Dublin na watu wa upande wa Tom. Nyumba yao ilikuwa na wana wengine pia, na bado Krismasi ilikuwa mlangoni.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupapita haraka, lakini sitaweza. Utaratibu wa kulinda shamba na jina la nyumba ulikuwa na adui mmoja mkubwa, mtoto wa nje ya ndoa. Binti akipata mimba alifichwa katika nyumba za mama na mtoto zilizoendeshwa na masista au taasisi nyingine kwa fedha za serikali. Alijifungua, na mara nyingi akatoka bila mtoto. Zaidi ya watoto 2,000 walipelekwa Marekani kulelewa huko. Wale wa familia maskini walipelekwa shule za viwanda, yaani makao ya kulelea watoto maskini, na humo walitengwa, wavulana kwa mabruda, wasichana kwa masista. Mnakumbuka yale maneno mawili? Bráthair na siúr waliochukua jina la undugu ndio waliokabidhiwa kuwatenganisha wa hakika. Mimi ni Mkatoliki, nililelewa na mkono wa sista, na sijapata namna ya kuisema habari hii bila koo kukauka.

Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Januari 2021 ilikuta watoto wapatao 9,000 walikufa katika taasisi 18 ilizozichunguza. Mojawapo ilikuwa Tuam, kaunti ya Galway, iliyofanya kazi kuanzia 1925 hadi 1961. Mwanahistoria wa mtaani, Catherine Corless, alilipia vyeti vya vifo kwa pesa zake, kimoja kimoja, akafikia watoto 796, na kumbukumbu za mazishi yao hazikuonekana.

Mambo mengine yamebadilika, na haraka. Posho ya watoto ilianza 1944, kuanzia mtoto wa tatu, na ilikabidhiwa kwa baba. Mama aliipata rasmi 1974. Uuzaji wa vifaa vya kuzuia mimba ulipigwa marufuku mwaka 1935, na Mei 1971 wanawake wa Dublin walipanda treni mpaka Belfast, wakanunua vifaa hivyo, wakarudi navyo wakivipunga mbele ya maofisa wa forodha. Kwangu mimi lililogeuza undugu zaidi ya yote ni elimu ya sekondari bila ada mwaka 1967. Kabla ya hapo mkubwa aliacha shule ili mdogo asome, na deni la aina hiyo halina risiti. Linakaa kati ya watu wawili mpaka kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamke alizaa kwa wastani watoto wanne. Leo ni chini ya wawili. Wapo vijana Dublin wasio na kaka wala dada, na hilo bibi zao hawakuwahi kuliwaza.

Mwaka 2022 sheria mpya iliwapa waliochukuliwa wakiwa wachanga haki ya kuona vyeti vyao vya kuzaliwa. Watu wa miaka 60 na 70 wamejua kwa mara ya kwanza jina la mama, na pamoja nalo habari kwamba wana ndugu mji wa pili, au Chicago, au ardhini. Julai 2025 kazi ya kufukua ilianza Tuam, na ilikadiriwa kuchukua miaka miwili. Wazee, baadhi yao wamepita 80, wametoa sampuli za vinasaba wakitumaini mfupa mmoja utapatana na damu yao. Neno lile dearbh, "wa hakika", lina kitenzi chake katika Kigaeli: dearbhaigh, thibitisha. Ndiyo kazi inayofanywa pale, udongo ukichekechwa kidogo kidogo.